Jukwaa Lililochungulia Ua wa Watu

Nyinyi vijana wa siku hizi mnavaa viatu vya mpira vya rangi ya embe bivu, kisha mkikosa goli mnakitazama kiatu. Mimi nimekuwa meneja wa timu ya chuo hapa Maskati kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na nimewaona wachezaji wakilaumu kiatu, jua, refa, mchanga, na mmoja alimlaumu shangazi yake. Sasa nimestaafu. Nakaa Al Khuwair, ghorofa ya tatu, na magoti yananiuma kila nikipanda ngazi ingawa sikuwahi kucheza hata mechi moja ya maana. Mmeniomba niandike habari za kazi yangu. Nitaandika, lakini msitarajie hesabu ya vikombe. Vikombe vyetu vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja wa sokoni, na ukiubeba hauumi mkono.

Meneja wa timu si kocha, msichanganye. Kocha hupanga wachezaji na hupiga kelele, na timu ikishinda hubebwa juu. Meneja huhesabu soksi. Ndiye anayejua nani kasahau kitambulisho, nani kagombana na baba yake asubuhi, na kama dereva wa basi kala au hajala, maana dereva mwenye njaa huona njia zote za kwenda uwanjani zimefungwa. Timu ikifungwa, meneja ndiye aliyeleta mpira mbaya.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu Mzee Sururu, aliyekuwa na timu ya mtaa kule Matrah wakati mimi ningali naendesha gari la kugawa soda. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni vizuri, basi timu yake yote ilishambulia upande wa kulia ili mzee aone. Alinifundisha kuwa mwenye kiatu kipya haanzi mechi, hata akilia. Alinifundisha kuroweka jezi mpya kwenye maji ya chumvi kabla ya kuzifua. Nilimdharau, nikafua jezi nyekundu pamoja na bukta nyeupe, tukaingia uwanjani na bukta za rangi ya waridi. Tulifungwa manne, na hakuna aliyeyakumbuka magoli. Zaidi ya yote alinifundisha kuwajua mama zao wachezaji. Mama akipika biriani Alkhamisi mchana, mwanawe akiwa beki, Alkhamisi jioni hakimbii, anatembea kama bwana harusi.

Barafu je? Siku hizi mna dawa ya kupuliza. Mimi nilikuwa nikienda soko la samaki la Matrah na ndoo, naomba barafu kwa wauza nguru, nawafunga wachezaji vifundo vya miguu. Ilisaidia sana. Ila nahodha wetu mmoja alifuatwa na paka mpaka mlangoni kwao, na mama yake akanipigia simu kuuliza tunacheza mchezo gani.

Na hiyo simu yenyewe ilikuwa ya mezani. Nyinyi mna kundi la timu, mnaandikiana "mazoezi leo" na kazi imekwisha. Mimi nilipiga nyumba moja moja, na simu za nyumbani hupokewa na mabibi. Huwezi kumwambia bibi wa Kiunguja "mpe Nasri" na kukata. Unaulizwa hali, wanao, magoti, na nani kaoa. Nusu ya ninayoyajua ya mpira nimeyapata humo. Bi Zuwena, bibi yake Nasri, siku moja katikati ya kuulizana hali aliniambia kuwa beki wetu wa kushoto analala uwanjani. Nikacheka. Nilipoweka simu ndipo nikajiuliza kamwona wapi.

Basi tumefika kwa Nasri, na najua ndiyo mliyokuwa mkiyangoja, maana kila nikikutana na mmoja wenu huniuliza kama ni kweli mechi ya mpira iliwahi kushitakiwa mahakamani. Si mechi. Jukwaa.

Chuo chetu kilikuwa Bawshar, cha watu binafsi, kimoja katika vile vilivyochipuka mwishoni mwa miaka ya tisini. Sitakitaja jina, nacho kimeshahama. Kilikuwa na uwanja wa mchanga, na ng'ambo ya ukuta wa uwanja ilikuwepo nyumba ya Bwana Aziz, mtu wa Unguja kama mimi, tuliyesoma naye darasa moja kabla ya kuja huku. Mwanawe Nasri alijiunga na chuo hicho kwa sababu kilikuwa karibu; mama yake alikuwa akimwita kula kutoka juu ya ukuta. Na Nasri alikuwa mshambuliaji ambaye sijapata kumwona mwingine wa mfano wake. Nimeona wenye mbio na nimeona wenye mashuti. Huyu alikuwa akipokea mpira na uwanja mzima unanyamaza, hata wauza maji wanasimama. Nilimpenda mtoto yule, na sioni haya kusema.

Watu wakaanza kuja kumtazama. Mkuu wa chuo, Dokta Hilal, alipoona watu akaona na haja ya jukwaa. Likajengwa la mabomba ya chuma na mbao, refu, la fahari, likiwa na kasoro moja tu: aliyekaa safu za juu aliona uwanja wote upande wa mbele, na akigeuza shingo aliona ua wote wa Bwana Aziz. Aliona kanga za Bi Zuwena kwenye kamba, jiko la nje, na wanawake wa nyumba ile bila ya mitandio.

Aziz alikwenda kwa Dokta kulalamika. Dokta akamjibu kuwa jukwaa limejengwa ndani ya kiwanja cha chuo, na macho ya watu si mali ya chuo. Jibu la kisomi hilo. Aziz akapandisha ukuta. Watu wa manispaa wakaja wakasema umezidi kimo, apunguze. Akatundika mazulia juu ya ukuta. Upepo wa Bawshar ukayapeleka mazulia uwanjani katikati ya mechi, na refa akasimamisha mchezo kuliondoa moja lililomfunika golikipa. Siku ile Aziz akaenda kumtafuta wakili. Na kama mnavyomjua mtu wa kwetu akikasirika, hakutosheka na wakili: aliapa mbele ya mkewe na mama yake kuwa hatokanyaga nyumbani kwa Dokta Hilal, kisha akaapa kiapo cha pili kuwa hatopita lango la chuo kile.

Ikawa kesi. Chuo nacho kikaleta wakili wake, bwana mmoja mwenye mkoba mzito ambaye kila akija alitaka kupanda jukwaani ajionee, akipanda anakaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji ushahidi. Kesi ikiahirishwa, mawakili wale wawili walitoka mahakamani wakicheka pamoja. Wanangu, mkiona mawakili wa pande mbili wanacheka pamoja, jueni kesi ina afya njema na itaishi.

Sasa sikilizeni akili za wakubwa. Dokta akamwambia kocha kuwa haifai mtoto wa mshitaki kuwa fahari ya mshitakiwa, kwa hiyo Nasri akae benchi mpaka kesi iishe. Nasri akakaa benchi, ubavuni kwangu, kavaa jezi na viatu vimefungwa kamba, mechi baada ya mechi. Na jukwaa likafanyaje? Nasri alipokuwa akicheza hakuna aliyeutazama ua wa kwao. Nasri alipokaa, timu yetu ikawa haitazamiki, na shingo zote zikageuka kule kwenye kanga. Dokta kwa mkono wake mwenyewe akamtengenezea Aziz mashahidi. Ikabidi mimi nipewe kazi ya kukaa safu ya juu kabisa na kuwapigia kelele vijana, "Mbele! Mpira uko mbele!" Sikulaumu mtu. Mbele hapakuwa na mpira.

Chuo kimoja cha hapa Al Khuwair kikamtaka Nasri. Kilikuwa na kocha mzuri, na watu wa vilabu vikubwa walikuwa wakienda kutazama mechi zake. Kanuni ya ligi ya vyuo ilikuwa fupi: mchezaji akihama, mkuu wa chuo chake cha zamani lazima amwachilie kabla usajili haujafungwa, la sivyo msimu mzima hachezi. Na Nasri alikuwa amebakiwa na msimu mmoja tu. Baada ya hapo ni shahada, kisha ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, na hakuna klabu itakayomfuata huko.

Dokta alikataa. Alisema kesi ikiwa mahakamani chuo hakitoi kitu. Nikaenda kwa Aziz nikidhani huku nitapata mtu, naye akakataa vilevile. Wakili kamwambia Nasri akihama itaonekana familia imesalimu amri. "Akae pale pale," akasema Aziz, "wamwone kila siku." Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Uwanja wetu hata nyasi haukuwa nazo, ulikuwa na Nasri.

Mtoto mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Ila siku moja baada ya mechi tuliyofungwa, nakusanya chupa za maji, nikamkuta bado kakaa kwenye benchi. Alikuwa akifungua kamba za viatu ambavyo havikuwa na hata chembe ya mchanga.

"Ami Suwedi," akaniambia, "baba ana kesi yake. Chuo kina kesi yake. Yangu mimi inasikilizwa wapi?"

Nilichukua chupa zangu nikaondoka, na nilipofika kwenye gari nilipiga usukani kwa hasira mpaka honi ikalia yenyewe. Niliwachukia wazee wale wawili jioni ile, mmoja niliyesoma naye na mmoja aliyenipa kazi.

Ndipo nikamwendea Bi Zuwena. Msiniulize mbinu, ukitaka kumsogeza mwanamume wa Kiunguja, mwendee mama yake. Nilimweleza kuwa usajili unafungwa wiki ile. Sijui alimwambia nini mwanawe. Nilichojua ni kuwa kesho yake Aziz alinipigia simu, sauti imekauka, akasema yuko tayari kwenda kwa Dokta nyumbani kuzungumza, niende naye nimsaidie Kiarabu. Kiarabu cha Aziz kilikuwa cha dukani: bei, mita, na salamu. Nikamuuliza, na kile kiapo?

"Nafunga kafara," akasema. "Siku tatu. Nimeanza leo."

Nikamwambia mashekhe wanasema kafara ya kiapo ni kulisha masikini kwanza, kufunga ni kwa asiyeweza. Akasema kulisha masikini si kazi, yeye anataka kitu kitakachomuuma ili asiape tena ovyo. Na akanikataza nisimwambie mtu kuwa amefunga, maana Dokta akiuliza sababu atajua kuwa aliapa, na akijua aliapa atajua kuwa amerudi nyuma. Hiyo ndiyo akili tuliyokwenda nayo.

Tulifika baada ya sala ya alasiri. Dokta ni mtu wa asili ya Dakhiliya, huko milimani, na siku ile majlisi yake ilikuwa imejaa jamaa zake waliokuja mjini kwa harusi. Mahali pa heshima alikaa ami yake, mzee mwenye fimbo, ndevu nyeupe, macho makali. Tukasalimiana mkono kwa mkono duara zima. Tukakalishwa. Ikaja halwa, ikaja kahawa. Anayemimina akampa Aziz finjani.

Sasa Aziz, mtu wa adabu, hawezi kuurudisha mkono wa mwenyeji. Kwetu mgeni asiyeweza kunywa hupokea, hushukuru, na hukiweka kikombe mbele yake kimya kimya, na mwenyeji hukisahau. Akapokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini, mbele ya goti lake, imejaa.

Vichwa vyote vikaigeukia finjani. Anayemimina akasimama na dele lake la kahawa hewani. Mimi nilikuwa nimeshaishi Maskati vya kutosha kujua ni nini kilichotokea. Kwa watu wale, mgeni akiweka finjani chini bila ya kuionja, anasema hivi bila ya kufungua mdomo: nimekuja na haja, na siinywi kahawa yako mpaka unipe. Na mwenye nyumba akimwacha mgeni aondoke na finjani imejaa, aibu hiyo hufika kijijini kwa mwenyeji kabla yeye hajafika. Mtu huweka finjani chini kwa ajili ya damu, au kwa kuomba mke. Aziz aliiweka kwa sababu ya kiapo cha mdomo wake mwenyewe.

Yule mzee akamwelekezea fimbo Aziz, akamuuliza Dokta, mgeni wako ana haja gani?

"Anasemaje huyu?" Aziz akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Anauliza haja yako. Umeweka finjani chini."

"Nimefunga mimi."

"Nnajua umefunga. Wao hawajui. Kwao hiyo ni haja, na lazima wakupe. Omba moja tu, Aziz, na uombe sasa hivi."

Nikamwona uso wake ukibadilika. Miezi yote ile ya kuahirishwa, mazulia, manispaa, wakili, na leo mambo yote yamo ndani ya kikombe cha kahawa. Akavuta pumzi.

"Jukwaa," akasema. "Livunjwe."

Na nilimwelewa, msidhani sikumwelewa. Ni mama yake na mkewe waliokuwa wakichunguliwa. Lakini akilini nilimwona Nasri na kamba zake za viatu.

"Jukwaa lina wakili," nikamwambia. "Nasri hana."

Wazee wote wanamtazama, na Dokta anautazama mkeka. Aziz akaipapasa kofia yake, kisha akasema mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha dukani, bila ya kunipa mimi nitafsiri: mwanangu, mwache mwanangu akacheze kwengine.

Mzee wa fimbo akamgeukia Dokta. Hakusema neno, aliinua nyusi tu. Na Dokta Hilal, mtu aliyenijibu mimi kwa mwezi mzima kuwa chuo hakitoi kitu, akasema sentensi ambayo kila mtu wa kwao huijua: kunywa kahawa yako, haja yako imepita.

Ningependa kuwaambia mambo yaliishia hapo. Lakini haja haifungwi mpaka mgeni anywe, na mgeni wetu amefunga. Watu wakamtazama. Akanitazama mimi. Finjani ikawatazama wote. Ilibidi niseme. Nikasema mgeni amefunga. Mzee akauliza amefunga nini, na Ramadhani imepita zamani? Nikasema kafara. Kafara ya nini? Nikamtazama Aziz, akafumba macho, nikaona hakuna pa kutokea. Nikasema aliapa kuwa hatoingia nyumba hii.

Yule mzee alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Jamaa wote wakafuata. Kisha akatoa hukumu, maana ilikuwa hukumu kweli: hakuna atakayeondoka, finjani isiguswe, tutangoja adhana. Na mwenye nyumba atamfuturisha mgeni.

Basi tukakaa. Watu wawili waliokuwa hawasemezani ila kwa midomo ya mawakili wakakaa mkeka mmoja wakitazama kahawa inavyopoa. Mzee akauliza habari za karafuu, Aziz akaanza kueleza kwa Kiswahili, mimi natafsiri. Akahadithia siku alipoanguka kwenye mkarafuu akaangukia juu ya mwalimu wetu wa hesabu. Dokta alicheka kabla sijamaliza kutafsiri. Nilidhani ni adabu tu. Adhana ilipolia, Aziz akala tende, akainywa ile kahawa, baridi kama maji ya chura, akaitikisa finjani kuonyesha imetosha. Kisha akala futari ndani ya nyumba aliyoapa kutoikanyaga, na aliongeza wali mara mbili.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, Dokta akanishika bega, akaniinamia sikioni. Hakusema Kiarabu. Miaka yote niliyofanya kazi kwake, ofisini alikuwa akijua Kiarabu na Kiingereza tu, na sisi tukimsema mbele ya uso wake kwa Kiswahili bila ya wasiwasi.

"Bwana Suwedi," akasema, "siku nyingine mkitaka kunong'ona, jifunzeni Kirusi. Mama yangu mimi amezaliwa Tabora."

Kwa hiyo alisikia yote. Alijua tangu mwanzo kuwa finjani iliwekwa chini kwa saumu, si kwa haja. Angeweza kusema "jamani, mgeni amefunga" na jambo likafa. Hakusema. Mpaka leo sijui kama alimwonea huruma mtoto au aliwaogopa wazee wake, na nikimkumbuka vizuri naona hata yeye huenda hajui. Ila naijua hesabu niliyopiga usiku ule kitandani, ya kila nililowahi kumsema.

Nasri akaachiliwa. Kesi ya jukwaa iliendelea, bila ya shaka, kesi yenye afya haifi kwa kahawa. Jukwaa halikuvunjwa na mahakama. Lilivunjwa na kutu, chuo kilipohama. Na kabla ya hapo wakili wa chuo aliibua hoja mpya, ya kuwa nyumba ya Bwana Aziz nayo inauchungulia uwanja wa chuo, na familia nzima inatazama mechi bila ya kuingia mlangoni. Hoja hiyo ilikuwa na ushahidi, nami nilikuwepo ulipopatikana.

Ilikuwa siku wale wa Al Khuwair walipokuja kucheza kwetu. Nasri aliingia uwanjani na jezi ya bluu. Sisi tulicheza vizuri mno siku ile, kwa kuona haya. Kisha karibu na mwisho akapokea mpira mguuni, na ule unyamavu wake nikausikia, nao haukuwa wangu tena. Akampita beki wetu wa kushoto, aliyekuwa amelala kama alivyosema Bi Zuwena. Goli.

Vigelegele vikalia kutoka juu. Jukwaa zima likageuza shingo, na hata mimi niliyeajiriwa kuzuia shingo nikageuza yangu. Juu ya dari ya nyumba ya Aziz walisimama wanawake wote wa nyumba ile, wamevaa mabuibui yao, na Bi Zuwena katikati juu ya kiti, mkono mmoja umeshika ukuta. Hakuna aliyejificha. Wao ndio waliokuwa wakitutazama sisi miaka yote.

Aziz hakuwa juu. Nilimwona akiingia kwa lango la chuo, polepole, na chupa ya kahawa kwapani. Lango lile lile. Akaja akaketi kwenye benchi langu, mahali alipokuwa akikaa mwanawe. Akatoa finjani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akanimiminia.

"Kunywa," akasema. "Kiapo cha lango nshakilipia. Nilianza kufunga tangu mlipopangiwa mechi."

Nikaipokea. Haja nilikuwa nayo, moja tu, nayo ilikuwa ikikimbia kule katikati ya uwanja kavaa jezi ya watu. Nikainywa kahawa yote kwa mkupuo, ikaniunguza mpaka machozi yakanitoka, ili Aziz asije akaniuliza.